Kamera Niliyofundishwa kwa Vidole

Mume wangu alianza kupoteza macho mwaka uleule aliponunua kamera, na kwa muda mrefu nilidhani ni mambo mawili yasiyohusiana.

Alikuwa mpiga picha tangu nimjue. Tulipooana, hapahapa Kasulu, alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, chenye pazia la buluu na stuli ya mbao. Watu walikuja kukaa kwenye ile stuli, shingo zimenyooka kama wanaopimwa urefu, wapigwe picha za vitambulisho na za fomu za shule. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya chumba kilekile, na mara nyingi mtu aliyetoka kupigwa picha aliniachia suruali ya kupunguza au gauni la kubana kiuno. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye ndani, mimi nje, tukiongea kupitia pazia.

Hatukujaliwa mtoto. Wifi yangu, dada yake aliyeolewa Muyama, alikuja zaidi ya mara moja kumshauri kaka yake atafute mwanamke mwingine, na aliyasema hayo mimi nikichagua mchele hatua tatu kutoka alipokaa. Mume wangu alimwacha aseme. Siku moja tu alimjibu: "Dada, nyumba yangu imetosha." Wifi hakulirudia tena. Tukawa watu wawili, na tukajizoesha kuwa wawili. Sahani mbili, vikombe viwili, viti viwili vya baraza.

Kisha simu zikaanza kupiga picha nzuri kuliko kamera yake ya zamani, na stuli ikawa inakaa bila mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya harusi, kipaimara na mahafali, kule ambako mtu akisimama nyuma na simu yake anapata visogo tu. Alihitaji kamera ya kuvuta mbali. Aliipata Kibondo, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu anayeuza redio, saa na tochi, mwenye ndugu zake Tanga ambao humletea vitu kutoka pwani. Aliniambia yule mzee aliitoa kabatini ikiwa imefungwa kwenye kitambaa laini, akaiweka juu ya kioo cha meza bila kusema neno, kama mtu anayejua kitu chake kitajisemea.

Alirudi nayo kwa basi la mchana, ameikumbatia tumboni. Ilikuwa nyeusi, nene, na upande wa kulia ilikuwa na nundu iliyovikwa mpira wa kushikia. Kwa mbele ilifanana na zile kamera kubwa za waandishi wa habari, ila nyepesi kuliko nilivyotegemea, na lenzi yake ilikuwa imeshikana na mwili, haitoki.

"Hii haibanduki," alisema kwa fahari. "Wenzangu wanabeba begi zima la lenzi. Mimi kila kitu kimo humu."

Akaiwasha. Lenzi ikatoka kidogo, ikasimama, yeye akasukuma kwa kidole ulimi mdogo unaozunguka kitufe cha kupigia, na lenzi ikaanza kutoka tena, inanguruma taratibu, ikarefuka mpaka nikaona aibu kuitazama. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameielekeza kilima cha ng'ambo ya bonde, ambako kutoka kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu.

"Yule mbuzi ana kengele," alisema.

"Mbuzi gani?"

Akanipa nichungulie. Kweli, palikuwa na mbuzi kule, na shingoni kengele imefungwa kwa kamba ya katani. Nilipotoa jicho sikuona mbuzi wala kichaka alichokuwa anakila, niliona kilima tu.

Tangu siku hiyo hakuiacha. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo shambani tulipokuwa tukipalilia maharage. Nikiwa naanika nguo, nikigeuka namkuta amenielekezea, amesimama mlangoni tu, hatua kumi. Nilidhani ananichezea. Mwanamke wa umri wangu kutazamwa vile na mume wake! Siku hizo nilivaa kitenge kizuri hata cha kufulia.

Kando ya tundu la kuchungulia palikuwa na kigurudumu kidogo sana, hakizidi ukubwa wa punje ya dengu. Ni cha kuilinganisha kamera na jicho la mtumiaji, asiyeona vizuri akizungushe mpaka picha itulie. Niliona mume wangu anakizungusha. Mwezi uliofuata niliona anakizungusha tena, upande uleule. Halafu nikaona anakikwaruza kwa ukucha, anakilazimisha, na chenyewe kimefika mwisho, hakiendi. Nikasema moyoni, kifaa cha dukani hicho, kimeanza kuharibika mapema.

Nilikuja kujua kwa sababu ya katekista. Alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mtu mrefu mwenye kofia ya pama ambayo hakuna mwingine aliye nayo mtaani kwetu. Jioni moja, jua bado liko juu, tulikuwa tumekaa barazani na katekista akawa anapanda njia kuja kwetu. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia ndara zake. Mume wangu akainua kamera, akachungulia, akavuta, ndipo akasema, "Aa, ni katekista. Karibu, mzee!"

Katekista alikaa, akanywa chai, akaondoka. Nikasubiri apotee kwenye kona.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Kabla ya kamera," alisema. "Ndiyo sababu ya kamera."

Tulikwenda hospitali, halafu hospitali nyingine kubwa zaidi, safari ya siku nzima. Kumbe alikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyekijua, na kilikuwa kimekula nyuma ya macho. Katikati ya kila anachotazama palikuwa na kama doa la moshi. Pembeni aliona, katikati hapana, na kitu kikivutwa kikawa kikubwa kilizidi lile doa, akakipata kidogo. Daktari alikuwa mpole. Alisema watajaribu kuchelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi. Tukiwa njiani kurudi mume wangu alinisihi nisimwambie mtu. "Nikitangazwa, kazi imekwisha." Nikakubali. Hilo nalijutia, kwa sababu ndilo lililotufikisha Rungwe Mpya.

Harusi ya Rungwe Mpya ilikuwa kubwa, watu kutoka vijiji vinne. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, tunamenya ndizi. Yeye alikuwa mbele peke yake na kamera. Juu ya ile kamera, upande wa kulia, kuna gurudumu lenye herufi na vijipicha, kila kituo kina kazi yake, kimoja cha kawaida, kingine cha michezo, kingine cha fataki, na vinginevyo. Hakuweza tena kuzisoma zile herufi, alikuwa anakisia. Kamera ilipogonga kwenye mlango wa kanisa lile gurudumu likasogea, naye hakujua. Akapiga picha siku nzima. Bibi harusi akiingia, pete, keki, wazee wakitoa nasaha. Tulipozifungua kwenye kompyuta ya mtu wa stesheneri, karibu zote zilikuwa nyeupe na zimeburutika, watu kama nguo zilizoanikwa kwenye upepo. Niliziona mimi. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasubiri nimwambie.

"Zikoje?"

Niliendelea kubonyeza ya pili, ya tatu, ya nne, na hilo lilikuwa jibu.

Baba wa bibi harusi alikuja nyumbani. Hakupiga kelele. Alikaa, akatazama sakafu, akasema, "Mwanangu ataolewa mara moja tu, bwana." Ingekuwa heri angetutukana.

Baada ya hapo mume wangu alifunga chumba cha sokoni. Cherehani yangu nikaihamishia nyumbani. Nilidhani tutakuwa karibu zaidi, maana sasa hakuna pazia kati yetu, lakini aliingia chumba cha ndani, akakaa humo na mlango umerudishiwa. Wageni wakija, hatoki. Nikimuuliza atakula nini, anasema chochote. Nguvu za macho ziliendelea kwenda, mpaka akabakiwa na kujua tu dirisha liko wapi. Miezi ile nilizoea kuongea na cherehani. Nilikuwa naiambia kwa sauti, haya, tumalize mkono huu, sasa kola, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na mimi sikuzaliwa kwa ajili ya ukimya. Majirani walikuwa na kelele za watoto. Kwetu palikuwa na sindano na bati likipanuka kwa jua.

Ikaja masika. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nami nilikuwa nakunja pindo la sketi ya shule. Mlango wa ndani ukafunguka. Alitoka na kamera shingoni, akaja akigusa ukuta, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Weka hiyo chini. Lete mikono."

"Nina kazi, mzee."

"Lete mikono, mke wangu."

Akaniwekea kamera mikononi. "Fumba macho," akasema.

"Kwa nini nifumbe, na mimi naona?"

"Kwa sababu nitakufundisha kama ninavyoijua sasa. Wewe unashona mshono mrefu unaongea na mtu barabarani, hutazami. Hii nayo ni hivyo."

Nikafumba. Alichukua mkono wangu wa kulia akaukalisha kwenye ile nundu ya mpira. Vidole vitatu vinakumbatia, akasema, cha shahada kinabaki huru, hicho ndicho chenye kazi. Gumba linakaa nyuma, kwenye kile kibonde. Mkono wa kushoto unabeba lenzi kwa chini, kama unavyobeba kichwa cha mtoto mchanga. Alisema hivyo, kisha akarudi upesi kwenye mkono wa kulia.

"Sasa mbele ya kidole chako kuna ulimi. Sukuma kulia."

Lenzi ikanguruma, nikahisi uzito unasogea mbele, mikono ikainama.

"Unaona? Inavyorefuka inataka kuanguka. Na ukiwa umevuta hivyo, hata ukipumua picha inatikisika. Bana viwiko mbavuni. Egemea mlango, egemea mti, egemea mtu."

Akanionyesha kwamba ubavuni mwa lenzi kuna ulimi mwingine, wa kuvutia kwa gumba la kushoto, ili mkono wa kulia usihangaike. Nyuma yake, kwenye ubavu uleule, kuna kitufe kimoja kidogo.

"Hicho ukikipuuza utalia. Ukivuta mbali sana, mtu akisogea hatua moja anapotea, hujui umtafute wapi. Bonyeza hapo usiachie. Kamera itarudi nyuma, utaona eneo zima. Mtafute mtu wako, muweke katikati, halafu achia. Itamrudia yenyewe."

Kioo cha nyuma kilifunguka kama mlango wa kabati, kikageuka juu na chini. Betri na kadi vilikuwa na mlango mmoja, chini, wenye kufuli ndogo ya kusukuma kwa ukucha. Flashi ililala kwenye nundu ya juu, ikiamshwa inaruka kama panzi. Vyote hivyo nilivijua kwanza kwa vidole.

Mwisho akanipeleka kwenye gurudumu la herufi. Nikalizungusha, likawa linalia tik, tik, tik, kama cherehani yangu ninapobadilisha urefu wa mshono. Kisha kidole changu kikakwama kwenye mkwaruzo.

"Nini hiki?"

"Nimekwangua kwa wembe. Mkwaruzo mmoja ni kituo cha kawaida. Miwili ni kile cha kuamua mwenyewe. Ukihisi mkwaruzo mmoja umetazama nyuma, uko salama."

Nilifumbua macho. Kwenye lile gurudumu jeusi palikuwa na alama nyembamba nyeupe, zimekwanguliwa kwa unadhifu wa fundi. Kumbe miezi ile yote ya mlango kurudishiwa hakuwa amelala.

"Ulijuaje kituo kipi ni kipi?"

"Katekista alinisomea, siku ile ulipokwenda kununua uzi."

Iliniuma. "Mbona hukuniomba mimi?"

Alifikiri, mvua inaendelea. "Wewe ungelia," alisema. "Na mimi ningeacha."

Tulijifunza masika yote. Mara ya kwanza kwenda kazini pamoja ilikuwa Kibondo, jubilei ya ndoa ya wazee wawili. Walikuja nchi hii wakiwa vijana, wakikimbia Burundi, wakalima, wakazaa, wakapata uraia, na sasa wajukuu wao walikuwa wamejaza mabenchi matatu ya mbele. Padri alikataza wapiga picha kuvuka ngazi ya altare. Wenye simu wakabaki wanainua mikono juu ya vichwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeegemea nguzo, na mume wangu amesimama nyuma yangu, mkono wake mmoja begani kwangu.

Yeye alikuwa anasikiliza. Kitufe cha kupigia ukikibonyeza nusu, kamera inatafuta, na ikishika inalia mara mbili, pi-pi. Isiposhika inalia vibaya, haraka haraka. Yeye alizijua sauti zote hizo kuliko mimi.

"Haijashika," alininong'oneza. "Rudia."

Nikarudia. Pi-pi.

"Haya sasa. Bonyeza mpaka mwisho, usistuke."

Wazee waliposhikana mikono kurudia viapo, nilivuta. Alisikia mngurumo unazidi. "Umevuta mno. Rudisha kidogo." Nikarudisha. Mzee akainama kumvalisha mkewe pete, akanipotea, nikaona kitambaa cha altare tu. Kidole kikakimbilia kile kitufe cha ubavuni, nikabonyeza, kanisa lote likarudi, nikamwona mzee alipo, nikaachia. Uso wake ukanijia mpaka nikaona tone linaning'inia kwenye kidevu chake. Pi-pi. Nikapiga.

"Umepata nini?" mume wangu aliuliza.

"Analia. Yule mzee."

"Mkewe je?"

"Anamcheka."

Akabana bega langu. Tulipotoka nje bibi wa jubilei alinishika mikono yote miwili. "Urakoze, mwanangu," alisema, asante ya kwao, "urakoze cane." Nilimwelekeza kwa mume wangu, nikasema yeye ndiye fundi.

Tulifanya kazi hivyo miaka mitatu na kitu. Watu walizoea kutuona, mwanamke mbele na mwanamume kipofu nyuma, na wengine walidhani mimi ndiye ninayemwongoza. Sikuwasahihisha. Nyumbani nilimweleza picha moja baada ya nyingine, naye aliuliza maswali ya ajabu: kivuli kimeangukia upande gani, mikono ya watu iko wapi. Nilijifunza kutazama mikono.

Kitu kimoja alikataa katakata. Hakutaka kupigwa picha. "Usinipige na kitu nisichokiona," alisema. Nilijaribu mara moja, kwa mzaha, nikiwa hatua chache. Lenzi ilipotoa tu ule mngurumo wake wa kwanza akageuza uso. Sikuweza kumwibia picha, alikuwa na masikio.

Lakini miguu yake ilianza kuvimba, na daktari alisema figo, na mimi nikahesabu picha zake nilizokuwa nazo. Ya mwisho alikuwa bado kijana mwenye nywele nyeusi. Basi alasiri moja nilimwacha barazani, nikamwambia nakwenda kisimani. Nikashuka bonde, nikapanda upande wa pili mpaka kwenye migomba ya jirani, mbali kiasi kwamba hata yeye asingesikia. Nikakaa chini, viwiko juu ya magoti. Nikavuta mpaka mwisho.

Alinijia mzimamzima, na kiti chake, na fimbo, na kifungo cha shati ambacho nilikuwa nimeahidi kukishona. Uso wake ulikuwa umeelekea mlango wa nyumba. Midomo ilikuwa inatembea. Nilidhani anasali. Kisha nikamwona anatulia, anainamisha kichwa kama anayesubiri, halafu anasema tena, na mkono unainuka kidogo kama anavyoinua akieleza jambo. Nikaelewa. Alidhani nimesharudi. Alikuwa anaongea na mimi.

Nilipiga picha moja. Kisha nikashindwa kuitoa kamera jichoni. Nilimtazama akiongea na mlango, naye karibu nami kiasi cha kumgusa, na nisisikie hata neno. Nikanyanyuka, nikakimbia, nikateleza kwenye matope ya mtoni, nikapanda ninahema.

"Nimerudi," nilisema.

"Ulikuwa hujarudi?"

"Ndiyo kwanza."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unasema nini?"

"Basi," alisema. "Limepita."

Nilimbembeleza siku ile, na kesho yake. Alicheka tu, akasema lilikuwa jambo dogo, amelisahau. Labda kweli lilikuwa dogo. Labda aliuliza kama mahindi yametoa ndevu. Sikumwambia nilikuwa wapi, na ile picha sikumweleza kama nilivyomweleza nyingine zote. Ndiyo siri pekee niliyomficha katika ndoa yetu, na nimebaki nayo.

Alifariki kiangazi kilichofuata, asubuhi, hospitalini, nimeshika mkono wake na wifi yangu kutoka Muyama ameshika mwingine. Wifi alikaa na mimi majuma mawili. Siku ya kuondoka alifagia uwanja wote, hata pale pasipohitaji, kisha akasimama na ufagio mkononi akaniambia, "Alikuwa na bahati, kaka yangu." Nilimfungia kitenge kipya kwenye mfuko, akaenda.

Nikabaki. Sijui kama ninaweza kuieleza nyumba ilivyokuwa. Niliendelea kupika kwa sufuria ileile, na chakula kilibaki, nikakila kesho yake, kikabaki tena. Wateja wa kushona walikuja, wakatoa pole, wakapimwa, wakaondoka. Kamera ilining'inia kwenye msumari kwa mkanda wake na vumbi jekundu likaingia kwenye kila mfereji wake. Sikuigusa mpaka katekista alipokuja kuniambia parokia moja ya Kibondo wanatafuta mpiga picha wa kipaimara, na yeye ameshawaambia nitakuja.

"Umesema nitakuja bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa," alisema, akavaa kofia yake.

Nikaisafisha kwa brashi ya kusafishia cherehani. Nikaenda. Nilikaa dirishani kwenye basi na begi kwenye kiti cha pembeni, mpaka mtu akaniomba nilitoe akae. Kanisani watoto walikuwa wengi, wote wamevaa meupe, na niliegemea ukuta nikafanya kazi yangu. Picha zilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, zilikuwa nzuri na kali, na katikati ya misa niligundua nimekuwa nikinong'ona peke yangu, na mwanamke wa benchi la nyuma ananitazama kwa huruma.

Baada ya misa walinialika kula kwenye nyumba moja karibu na kanisa. Walitandika mikeka nje. Ugali, maharage ya mawese, samaki wakavu. Nilichagua ukingo wa mkeka, nikaweka kamera mapajani. Mama mmoja mtu mzima, muuza ndizi, aliyekuwa akipakua, alinitazama, akaitazama kamera.

"Wewe si mke wa yule mpiga picha wa Kasulu? Yule wa pazia la buluu? Alinipiga picha ya kitambulisho, akaniambia niache kukunja uso kama samaki aliyevuliwa." Akacheka mwenyewe. "Hajambo mzee?"

Hakujua. Habari zilikuwa hazijamfikia. Kwa muda mfupi nilitamani kusema hajambo, anakusalimu, na kwa mlo ule mmoja angekuwa hajambo.

"Ametutoka, mama," nilisema. "Tangu kiangazi."

"Mawe!" Alimwita mama yake kwa Kiha, akaweka upawa chini. Hakuniambia Mungu ametoa Mungu ametwaa, kama wengine wote. Aliacha kupakua, akawaambia wasichana waendelee, akaja akakaa karibu nami kwenye ukingo wa mkeka, magoti yakagusana. Akavuta sahani moja kubwa katikati yetu.

"Kula," alisema. "Halafu uniambie. Basi lako ni la saa ngapi?"

Nilimwambia ni la saa kumi.

"Basi muda upo."

Nikanawa mikono. Nikaanza na siku aliyoileta kamera nyumbani, na yeye akawa anakula polepole, ananisikiliza.